Vienna Si Poland

Waulize wapenzi wa historia ya Ulaya ni mfalme yupi wa Poland anayestahili kusimama kwa niaba ya taifa lake, na wengi watakutajia Jan III Sobieski kabla hujamaliza swali. Ndiye aliyewashinda Waosmani mbele ya Vienna tarehe 12 Septemba 1683. Mwaka 1883, miaka 200 baada ya vita hivyo, Jan Matejko alimchora akiwa juu ya farasi siku ya ushindi, na mchoro ukapelekwa Roma kuwa zawadi kwa Papa Leo XIII. Mpaka leo uko Vatikani. Benki kuu ya Poland ilipotoa noti ya zloti 500 mwaka 2017, iliyo kubwa kuliko noti nyingine zote za nchi hiyo, uso uliochapishwa juu yake ulikuwa wa Sobieski.

Naipinga hukumu hii kwa moyo wote. Sisemi kwamba Sobieski alikuwa mtu duni. Alikuwa jemadari hodari na msomaji wa vitabu, na kifo hakukiogopa. Ninachokataa ni kuichukua siku moja ya vita, vita vyenyewe vimepiganwa katika nchi ya wengine, na kuifanya kipimo cha watu wenye historia ya zaidi ya miaka 800 ya wafalme na watemi, tangu ubatizo wa Mieszko I mwaka 966 hadi mfalme wa mwisho alipojiuzulu mwaka 1795. Hukumu hiyo inaficha gharama ya ushindi wenyewe na kumpunguza Sobieski wa kweli. Zaidi ya yote, inamfungia nje mfalme ambaye kazi yake ndiyo iliyoliweka taifa hilo hai baada ya dola kufutwa.

Hoja yao kwa haki yake

Wanaomtetea Sobieski wana sababu nzito, na ni wajibu kuzieleza bila kuzipunguza. Kati ya wafalme 11 waliochaguliwa na makabaila wa Poland na Lithuania kuanzia 1573 hadi 1764, wengi walitoka nje. Henri wa Valois, Mfaransa, alitoroka usiku mwezi Juni 1574, miezi michache baada ya kutawazwa, akimbilie kiti cha kwao. Stefan Batory alitoka Transylvania, naye Kipoland hakukijua, akawa anazungumza na raia wake kwa Kilatini. Wakafuata watatu wa ukoo wa Vasa wenye asili ya Uswidi, kisha baba na mwana kutoka Saksonia. Katikati ya orodha hiyo Sobieski ni mwenyeji. Alizaliwa Olesko mwaka 1629, akasoma Kraków, akamwandikia mkewe Maria Kazimiera barua za mapenzi kwa Kipoland ambazo watu wanazisoma hadi sasa. Ushindi wake wa Chocim, Novemba 1673, ndio uliomfungulia njia ya kuchaguliwa mwaka uliofuata. Na jirani aliyezingirwa alipomwomba msaada, alikwenda mwenyewe, akiwa na miaka 54, akiwaongoza wapanda farasi wake.

Kutokana na hayo watetezi wake wanapata sura ya taifa zima: watu jasiri wanaojitoa kwa ajili ya wengine, ngao ya Ukristo. Sura hiyo ilikuwa na kazi yake. Kwa miaka 123 Wapoland hawakuwa na dola, na watawala wa kigeni walipowaambia kwamba hawana sifa za kujitawala, waliweza kuielekezea kidole Vienna. Kwa watu walioonewa kiasi hicho, kumbukumbu ya ushindi ni chakula. Mimi siwalaumu waliouhitaji ushindi huo mwaka 1883. Nawalaumu wanaoendelea kuutumia leo kama jibu la swali ambalo hauwezi kulijibu.

Kwanza: ushindi huo ulimnufaisha nani?

Tuanze na hesabu ya kisiasa, kwa sababu ndiyo inayorukwa kuliko yote. Poland ilifutwa kwenye ramani na majirani watatu, Austria, Prussia na Urusi, waliogawana ardhi yake kati ya mwaka 1772 na 1795. Mtazame kila mmoja wao, kisha uulize Sobieski alimfanyia nini.

Austria aliiokoa. Mwaka 1683 Kaisari Leopold I alikuwa ameukimbia mji wake mkuu. Aliporudi, shukrani zake kwa mfalme wa Poland zilikuwa baridi, na Wapoland walioshuhudia makutano yao waliondoka wamechukizwa. Mwaka 1769, kabla hata ya mgawanyo wa kwanza, majeshi ya Austria yaliingia katika eneo la Spisz na kulichukua. Mwaka 1772 Austria ikatwaa nchi iliyoipa jina la Galicia, pamoja na mji wa Lwów. Ndani ya Galicia hiyo kulikuwa na Olesko, mahali alipozaliwa Sobieski, na Żółkiew, makao ya ukoo wake. Miaka 89 tu baada ya Vienna, wajukuu wa waliookolewa walikuwa wanamiliki nyumba ya mwokozi.

Prussia aliiacha. Mtemi wake alikuwa amefunguliwa utii kwa taji la Poland mwaka 1657, chini ya Mfalme Jan Kazimierz. Sobieski aliijua hatari hiyo. Mwaka 1675 alifanya mapatano ya siri na Ufaransa huko Jaworów, shabaha ikiwa kuirudisha Prussia ya Kitemi chini ya Poland. Mpango ulikufa. Wakuu wa nchi waliukataa, vita na Waosmani havikuisha, na tarehe 1 Aprili 1683 akafunga ndoa ya kijeshi na Vienna. Mwaka 1701, miaka mitano baada ya kifo chake, mtawala wa Prussia alijitawaza kuwa mfalme huko Königsberg.

Urusi aliipa. Ili aendelee na vita dhidi ya Waosmani alihitaji mshirika, na bei ya mshirika huyo ilikuwa mkataba wa mwaka 1686. Kwa mkataba huo Poland iliiachia Moscow mji wa Kiev moja kwa moja, pamoja na nchi iliyo mashariki ya mto Dnieper, ikapokea rubuli 146,000. Humo humo Urusi ilipata kauli juu ya haki za Waorthodoksi waliokuwa raia wa Poland na Lithuania. Karne iliyofuata, watawala wa Urusi walipotaka kisingizio cha kuingilia mambo ya ndani ya jirani yao, kauli hiyo ilikuwa tayari mkononi.

Nafahamu jibu la watetezi wake: mfalme hakuwa na nguvu, bunge lilimfunga mikono, makabaila wakubwa walimhujumu, na Waosmani waliokuwa wamechukua Podolia mwaka 1672 walikuwa tishio la kweli. Yote ni kweli. Ila mtu hawezi kumpa Sobieski sifa zote za Septemba 1683, kisha yaliyofuata akawabebesha wengine. Kama yeye ndiye mwakilishi wa taifa, basi na mkataba wa 1686 ni wake. Kampeni zake za Moldavia zilizoshindwa mwaka 1686 na 1691 ni zake. Ngome ya Kamieniec Podolski, iliyokuwa sababu kubwa ya vita, haikurudi akiwa hai. Ilirudishwa kwa mkataba wa mwaka 1699, naye alikuwa amekufa tangu 1696.

Pili: Sobieski wanayemsifu si Sobieski aliyeishi

Hapa hasira yangu ni kubwa zaidi. Picha ya ngao ya Ukristo inataka vita safi kati ya dini mbili, msalaba huku na mwezi mwandamo kule. Sobieski halisi hakuishi katika dunia ya namna hiyo.

Jeshi la Poland na Lithuania lilikuwa na Watatari Waislamu tangu siku za Vytautas na Jagiełło, vizazi vingi kabla ya Vienna. Walikuwa wapanda farasi, walikuwa na misikiti yao, na walilitumikia taji. Mwaka 1656 Sobieski mwenyewe aliongoza kikosi cha Watatari wa Krimea katika vita vya kuigombea Warsaw dhidi ya Waswidi. Mwaka 1672 baadhi ya Watatari wa nchi hiyo waliasi na kwenda upande wa Waosmani, baada ya kunyimwa mishahara na kubanwa haki zao. Mfalme aliyepimwa kwa kipimo cha ngao ya Ukristo angewafukuza waliobaki. Sobieski aliwarudisha kundini na mwaka 1679, badala ya mishahara ambayo hazina haikuweza kulipa, akawapa ardhi. Miongoni mwa vijiji walivyopewa ni Kruszyniany na Bohoniki, kaskazini-mashariki mwa Poland ya leo. Misikiti ya mbao ya vijiji hivyo ingali imesimama, na wazao wa askari wale bado wanazika wafu wao hapo. Watatari wengine waliandamana naye hadi Vienna. Kwa hiyo siku ile ya ushindi, katika safu za mfalme wa Poland, walikuwamo watu waliomwomba Mungu kwa Kiarabu.

Hili halikai vizuri kwenye hotuba, ndiyo maana wasemaji wanaliacha. Na kuliacha kuna gharama ambayo watu wengine wanailipa. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mmoja aliingia katika misikiti ya Christchurch, New Zealand, akaua watu 51 waliokuwa katika sala ya Ijumaa. Miongoni mwa maandishi aliyoyachora kwenye silaha zake ulikuwamo mwaka wa vita vya Vienna. Sobieski hana hatia ya damu ile. Lakini wanaomgeuza mfalme huyo kuwa nembo ya vita vya milele dhidi ya Waislamu wanajua, au wanapaswa kujua, nani mwingine anaibeba nembo hiyo.

Na historia ya Wapoland wenyewe inaikataa. Karne ya 19, walipokuwa wakimbizi, waliowapokea ni wale wale Waosmani. Mwaka 1842 kijiji cha Adampol kilianzishwa karibu na Istanbul kwa ajili ya wakimbizi wa Kipoland, na wazao wao wapo hadi leo. Jenerali Józef Bem, shujaa wa mapinduzi ya Hungaria ya 1848 na 1849, aliingia katika utumishi wa Sultani, akasilimu, akafia Aleppo mwaka 1850. Adam Mickiewicz, mshairi ambaye Wapoland wanamweka juu ya wote, alifariki Istanbul mwaka 1855 akiwa katika kazi ya kuunda kikosi cha kupigana na Urusi upande wa Waosmani. Taifa lililokuwa na mshairi huyo na jenerali huyo haliwezi kuelezwa kwa picha ya mfalme anayemkanyaga Mturuki.

Novemba 2021, watu waliokuwa wakitafuta njia ya kuingia Ulaya walikufa kwa baridi na njaa katika misitu ya mpaka wa Poland na Belarus. Waislamu wa Bohoniki waliwazika baadhi yao katika makaburi yao wenyewe, kwenye ardhi iliyotokana na hati ya Sobieski ya 1679. Anayetaka kumheshimu Sobieski kweli aanzie kwenye hati hiyo.

Tatu: nani alihesabiwa kuwa taifa?

Wanaotaja Sobieski kama chaguo la taifa husahau kusema ni watu gani waliochagua. Uwanja wa Wola, nje ya Warsaw, ambako wafalme walichaguliwa, ulikuwa wa makabaila. Tabaka hilo lilikuwa kubwa kwa kipimo cha Ulaya, lakini hata hivyo lilikuwa karibu mtu 1 kati ya 10, au pungufu. Mkulima hakuwa na kauli yoyote. Tangu mwaka 1520 sheria ilimtaka afanye kazi ya bure kwenye shamba la bwana angalau siku moja kwa wiki, na kadiri karne zilivyopita siku hizo ziliongezeka. Nafaka yake ilishushwa kwa majahazi kwenye mto Vistula hadi Gdańsk, ikauzwa Uholanzi, na fedha zake ndizo zilizonunua farasi, silaha za chuma na mabawa ya manyoya waliyoyavaa wapanda farasi maarufu.

Kuna mfalme aliyeahidi kulikabili jambo hili. Tarehe 1 Aprili 1656, nchi ikiwa imefurika majeshi ya Uswidi, Jan Kazimierz aliapa katika kanisa kuu la Lwów. Alimtangaza Bikira Maria kuwa Malkia wa Poland na akaahidi kuwaondolea wakulima mateso na mizigo. Sehemu ya kwanza ya kiapo iliota mizizi. Ilifika hata kwetu: wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wapoland waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika Mashariki kupitia Iran, na kule Nyabyeya karibu na Masindi, Uganda, walijenga kanisa walilolipa jina la Malkia wa Poland. Sehemu ya pili ya kiapo, ile ya wakulima, haikutekelezwa na Jan Kazimierz wala na Sobieski. Katika sehemu ya Poland iliyotawaliwa na Urusi, mkulima alisubiri hadi 1864, akaachiliwa kwa amri ya mfalme mgeni.

Kwa hiyo mtu anaposema Sobieski anawakilisha taifa, nauliza: je, pamoja na aliyelima? Kama jibu ni ndiyo, anionyeshe sheria moja.

Nne: na wengine je?

Wapo wanaomwacha Sobieski na kumtaja Kazimierz Mkuu, aliyetawala kuanzia 1333 hadi 1370. Huyu ni mgombea bora zaidi. Alianzisha chuo kikuu Kraków mwaka 1364, akaweka sheria kwa maandishi, akajenga ngome nyingi za mawe, akathibitisha haki za Wayahudi. Kaburi lake lilipofunguka kwa bahati mwaka 1869 wakati wa matengenezo ya kanisa la Wawel, mazishi yake ya pili yaligeuka kuwa maandamano ya taifa lisilo na dola. Namheshimu. Lakini Poland ya Kazimierz ilikuwa bado haijakutana na Lithuania, haina bunge wala mjadala wa raia, na alipokufa bila mwana wa halali taji lilikwenda Hungaria kwa mapatano ya wakubwa. Alijenga nyumba nzuri. Waliomo ndani hawakuwa wameanza kusema.

Jadwiga nampita kwa majuto. Aliyetawazwa kuwa mfalme mwaka 1384 akiwa bado mtoto na aliyeacha vito vyake ili chuo kikuu kifufuliwe anastahili makala yake. Jagiełło, mumewe, Mlithuania aliyebatizwa akiwa mtu mzima, anatosha kuvunja dhana kwamba mwakilishi lazima awe mwenyeji. Noti ya zloti 100 ina uso wake, na hakuna Mpoland anayelalamika.

Tano: mfalme wanayemkwepa

Kwenye noti za Poland hayumo Stanisław August Poniatowski, mfalme wa mwisho. Anatajwa kwa aibu, kama ndugu aliyeuza shamba la ukoo. Mimi nasema ndiye.

Niyataje mashtaka yote, maana sitaki kumtetea kwa kuficha. Alipanda kitini mwaka 1764 chini ya ulinzi wa majeshi ya Urusi, kwa nguvu za Katarina II ambaye hapo awali alikuwa mpenzi wake. Mwaka 1772 alishuhudia nchi ikinyang'anywa karibu theluthi moja ya ardhi yake. Mwaka 1788 aliisimamishia Warsaw sanamu ya Sobieski akimkanyaga Mturuki, ili kuandaa nyoyo kwa vita upande wa Urusi. Wanaomdharau wakamsifu Sobieski hupita mbele ya sanamu hiyo bila kukumbuka ni nani aliyeijenga. Na tarehe 24 Julai 1792, jeshi lake likiwa bado linapigana na Warusi, alijiunga na Targowica, muungano wa makabaila waliomwita Mrusi aje kuifuta katiba ya 1791. Tendo hilo lilivunja mioyo ya maofisa wake, akiwamo mpwa wake Józef Poniatowski. Ni kosa, nami silisafishi.

Lakini kipimo kiwe kimoja. Mwaka 1655 Waswidi walipoivamia Poland, Sobieski, akiwa ofisa kijana, aliapa pamoja na kikosi chake kumtii Karl Gustav wa Uswidi, na akabaki upande huo hadi Machi 1656. Amesamehewa. Wanasema nchi ilikuwa imeanguka, karibu wakuu wote waliapa, naye alirudi mapema. Nakubaliana na msamaha huo. Sasa mtazame Stanisław August: mawaziri wengi aliowakutanisha walimshauri akubali kujiunga na Targowica, na Hugo Kołłątaj, mmoja wa waandishi wa katiba yenyewe, alikuwa miongoni mwa waliounga mkono. Kwa nini udhaifu wa mmoja uwe wa ujana na wa mwingine uwe sura yake yote? Jibu pekee ninaloliona ni kwamba mmoja baadaye alishinda vita.

Kisha tazama alichoacha. Mwaka 1765 alianzisha Shule ya Mashujaa mjini Warsaw, iliyowafundisha vijana historia, hesabu, lugha na uraia. Mmoja wa wanafunzi wake, Tadeusz Kościuszko, alipelekwa Paris kwa fedha za mfalme. Mwaka 1794 aliongoza uasi wa taifa, na katika tangazo lake la Mei mwaka huo aliwapunguzia wakulima siku za kazi ya bure, jambo ambalo karne zote za wafalme washindi hazikulifanya. Mwaka 1765 huo huo ulizaliwa ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza. Tarehe 14 Oktoba 1773, mwaka mmoja baada ya kupoteza theluthi ya nchi, bunge na mfalme walianzisha Tume ya Elimu ya Taifa, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa wizara ya kwanza ya elimu Ulaya. Tume ilichukua mali za shirika la Wajesuiti lililokuwa limevunjwa, ikaandika vitabu vya kiada kwa Kipoland na kusimamia shule kutoka Kraków hadi Vilnius. Watoto waliosoma katika shule hizo walikuwa watu wazima nchi ilipofutwa. Nchi ilikwenda, lugha ya darasani ikabaki kichwani mwao. Hata wakimbizi wa Tengeru, karibu na Arusha, watu wapatao 5,000, walipofika wakiwa hawana kitu, jambo walilolishughulikia mapema lilikuwa shule za Kipoland kwa watoto wao.

Halafu ipo Katiba ya tarehe 3 Mei 1791. Mfalme hakuitia saini tu. Aliiandika, pamoja na Ignacy Potocki na Kołłątaj. Iliifuta turufu iliyomwezesha mbunge mmoja kuvunja kikao kizima, ugonjwa uliokuwa umeiua kazi ya bunge tangu 1652. Iliondoa uchaguzi wa wafalme, uliokuwa soko la rushwa la mataifa ya nje. Ilitambua haki za watu wa mijini, na ikawaweka wakulima chini ya ulinzi wa sheria na serikali. Ulinzi huo ulikuwa hafifu na utwana haukuvunjwa. Anayeikosoa kwa hilo ana haki. Lakini ni waraka wa kwanza wa dola hiyo unaomtaja mkulima kama mtu ambaye serikali ina deni kwake.

Na wanaodai kwamba huyu hakuwa mfalme wa askari waangalie kifua cha askari wa Poland. Nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani, Virtuti Militari, ilianzishwa na Stanisław August mwaka 1792 baada ya mapigano ya Zieleńce. Targowica iliifuta ndani ya miezi michache. Ilifufuliwa, ikafutwa, ikafufuliwa tena, na ingali nishani ya juu kabisa hadi leo. Jiji lenyewe la Warsaw lina deni kwake: Bernardo Bellotto, mchoraji aliyemwajiri, alichora mitaa yake kwa uangalifu mkubwa, na Wajerumani walipoibomoa mwaka 1944, wajenzi walirejea kwenye michoro hiyo kuijenga upya.

Wanasema alifia St. Petersburg, mwaka 1798, akila mkate wa Mrusi. Ni kweli. Mwaka 1938 jeneza lake liliporudishwa kutoka Leningrad, serikali ya Poland ililificha katika kanisa la Wołczyn, kijiji alichozaliwa, kwa sababu iliona haya kumpa nafasi kati ya wafalme wa Wawel. Baada ya vita kijiji hicho kikawa ndani ya Umoja wa Kisovieti, kaburi likavunjwa na kuporwa. Mabaki machache yaliyopatikana yaliwekwa katika kanisa kuu la Warsaw mwaka 1995. Aibu hiyo si yake peke yake. Makabaila waliomsaliti walikuwa wapiga kura halali wa Wola, wa tabaka lile lile lililomchagua Sobieski. Anayetaka mwakilishi asiye na doa anataka kulisahau tabaka hilo.

Ushahidi wangu wa mwisho ni matendo ya Wapoland wenyewe. Tarehe 12 Septemba haikuwahi kuwa sikukuu yao ya taifa. Tarehe 3 Mei ilifanywa sikukuu mwaka 1919, miezi michache baada ya uhuru kurudi. Mwaka 1946 wanafunzi wa Kraków waliingia barabarani kuiadhimisha, polisi wakawapiga na kuwakamata wengi. Baadaye utawala wa kikomunisti ukaifuta. Watu hawakukubali kuisahau, na mwaka 1990 bunge likairudisha.